Mtoto wa paka amekutwa na FIV au FeLV: majibu hayo yasomwe vipi?

Swali: Niliokota watoto watatu wa paka ndani ya boksi moja, bila mama yao. Sasa wana umri wa wiki tisa hivi. Daktari wa mifugo amewapima kwa kipimo cha haraka cha damu. Jike mmoja amepata majibu chanya ya FIV. Dume ameonyesha mstari hafifu wa FeLV. Wa tatu hana kitu. Nyumbani nina paka mwingine mzima wa miaka minne. Nimeshauriwa kwamba wawili wale wenye virusi wachomwe sindano ya kuwaua kabla hawajawaambukiza wenzao. Je, vipimo hivi vinaweza kuaminiwa kwa paka wadogo kiasi hiki? Na je, wapimwe pia virusi vingine vyote?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile lililokufanya uandike. Hakuna hata mmoja kati ya watoto hao anayestahili kuuawa kwa sababu ya karatasi uliyopewa, maadamu wanakula, wanacheza na wanaongezeka uzito. Majibu ya jike hayajasema kama ameambukizwa au la. Majibu ya dume ni mazito zaidi, lakini nayo hayajathibitishwa. Na yale ya mtoto wa tatu, ambayo bila shaka uliyapokea kwa ahueni, hayajafunga mjadala kama unavyodhani.

Chanzo cha utata huu kimo ndani ya kile kibao kidogo cha plastiki kilichodondoshewa damu. Wengi hukiona kama kipimo kimoja chenye majibu mawili, kumbe ni vipimo viwili vilivyowekwa pamoja kwa urahisi tu, na kila kimoja kinatafuta kitu cha aina tofauti kabisa. Upande wa FeLV, yaani virusi vya lukemia ya paka, kipimo kinatafuta antijeni iitwayo p27, ambayo ni protini ya kirusi chenyewe. Upande wa FIV, yaani virusi vya upungufu wa kinga vya paka, kipimo hakitafuti kirusi hata kidogo. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi hicho. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa watengenezaji. FIV hukaa katika damu kwa kiasi kidogo sana kwa muda mrefu, hivyo ni vigumu kuinasa moja kwa moja. Lakini kwa kuwa paka akishaambukizwa haponi, paka mzima mwenye kingamwili alizozitengeneza mwenyewe huhesabiwa kuwa ana kirusi. Kwa FeLV mambo ni kinyume, kwa sababu paka wengi hukutana na kirusi hicho wakakishinda, wakabaki na kingamwili bila ugonjwa, kwa hiyo kuwatafutia kingamwili kusingetupa jibu tunalolihitaji.

Tuje kwa jike wako. Neno lililo muhimu katika maelezo yangu ya hapo juu ni “mwenyewe”, kwa sababu mtoto wa wiki tisa anaweza kuwa na kingamwili ambazo hakuzitengeneza yeye. Paka anapozaliwa hunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, na kwa muda wa siku moja hivi utumbo wake huruhusu kingamwili za mama kupita na kuingia katika damu. Ndizo zinazomlinda katika wiki zake za mwanzo. Iwapo mama ana FIV, basi miongoni mwa kingamwili hizo zitakuwemo za FIV, na mtoto atakuwa nazo hata kama kirusi chenyewe hakijamgusa. Jambo hilohilo hutokea kama mama alichanjwa dhidi ya FIV; chanjo hiyo iliingia sokoni Marekani mwaka 2002 na baadaye ikaondolewa huko, na mojawapo ya kasoro zake ilikuwa kwamba iliwafanya paka wasio na kirusi waonekane kana kwamba wameambukizwa.

Wasomaji wengi wanalijua jambo hili kutoka upande wa binadamu. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hapimwi kwa kutegemea kipimo cha kingamwili kabla ya kutimiza miezi 18, kwa sababu kingamwili za mama bado zinaweza kuwa zinazunguka katika damu yake. Hupimwa kwa kipimo cha vinasaba vya kirusi. FIV, iliyotambuliwa mwaka 1986 huko California na kikosi cha Niels Pedersen, ni ya jamii moja na VVU, na mtego wa kingamwili za mama ni uleule. Kilichopungua ni muda tu: kwa paka, kingamwili hizo huyeyuka wiki hadi wiki, wengi huzimaliza mapema, na ifikapo miezi 6 ya umri huhesabiwa kuwa zimekwisha. Ndiyo maana mtoto wa paka mwenye majibu chanya ya FIV chini ya umri huo huitwa “asiyejulikana”, wala si “mgonjwa”. Na kwa kuwa katika hali ya kawaida FIV haipiti kirahisi kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, maana njia yake kuu ni kuumwa meno na paka mwenye nayo, wengi wa watoto hao hugeuka hasi wanapopimwa tena.

Huenda utauliza: iweje jike awe na kingamwili za mama na ndugu zake wasiwe nazo? Kwanza, watoto wa uzao mmoja hawanyonyi dang'a kwa kiasi sawa. Aliyezaliwa mwanzo au mwenye nguvu anaweza kushiba mara nyingi zaidi ya mwenzake, na kingamwili zake zikachelewa kuisha. Pili, kuokotwa ndani ya boksi moja si ushahidi wa kuzaliwa tumbo moja. Tatu, inawezekana kabisa kwamba mstari wa jike ni kosa la kipimo. Hata hivyo, zote hizi ni dhana, na tiba ya dhana hapa ni kupima tena. Apimwe siku 60 hivi baada ya kipimo cha kwanza. Akiwa hasi, furahi, kwa kuwa kingamwili za kuazima zimekwisha. Akiwa chanya bado, usivunjike moyo, subiri atimize miezi 6 na apimwe tena. Chanya ya umri huo, iliyothibitishwa kwa kipimo cha pili cha aina nyingine, ndiyo inayohesabiwa kuwa maambukizi.

Baadhi ya madaktari watakushauri kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ili usisubiri miezi. Sikikatai, lakini kwa FIV kina upungufu unaopaswa kuujua kabla hujatoa fedha: kirusi hiki kina aina nyingi zinazotofautiana, na kipimo kilichotengenezwa kwa kufuata aina moja kinaweza kuikosa nyingine. Kwa hiyo PCR ikiwa chanya inatusaidia, ikiwa hasi haituondolei wajibu wa kungoja. Na hata akija kuthibitika kuwa na FIV, hiyo si hukumu ya kifo. Paka wengi wenye FIV huishi miaka mingi kwa afya nzuri, iwapo watakaa ndani, wakafungwa kizazi, na maradhi madogo yakatibiwa mapema.

Dume wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Hapa ule utetezi wa umri haufai, kwa sababu kipimo cha FeLV kinatafuta kipande cha kirusi, nacho hakitoki katika kingamwili za mama. Mtoto anaweza kupimwa FeLV katika umri wowote, na chanya yake haifutwi kwa kusema kwamba ni mdogo. Isitoshe, watoto wa paka ndio walio dhaifu zaidi mbele ya FeLV. Uwezo wa kukishinda kirusi hiki huongezeka kadiri paka anavyokua. Mama mwenye FeLV anaweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, kupitia maziwa, au kwa kumlamba tu.

Hata hivyo kipimo kinaweza kukosea, na hapa sharti niingie kidogo katika hesabu, kwa kuwa watu wengi husikia kwamba kipimo kina usahihi wa asilimia 98 wakadhani kwamba kila chanya ina uhakika wa asilimia 98. Sivyo. Tuchukue, kwa mfano tu, watoto 1,000 wa paka wanaotoka mahali ambapo ugonjwa ni adimu, na 10 kati yao ndio wenye FeLV. Kipimo kinachowanasa wagonjwa 98 katika kila 100, na kuwaachia huru wazima 98 katika kila 100, kitawapata karibu wote wale 10. Lakini katika wazima 990 kitawasingizia watu wa Mungu 20 hivi. Tunabaki na chanya 30, na theluthi mbili yake ni uongo. Sasa chukua kipimo hichohicho ukipeleke mahali ambapo 200 kati ya 1,000 wameambukizwa: chanya za kweli zitakuwa 196 na za uongo 16 tu. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni paka waliopimwa. Dume wako hatujui ametoka kundi lipi kati ya hayo mawili, ndiyo sababu chanya yake moja haitoshi kwa uamuzi wowote usioweza kurudishwa nyuma.

Kuna pia makosa ya mezani. Ulizia kama ilitumika damu nzima au seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, maana damu iliyopasuka chembe zake, jambo la kawaida inapotolewa kwa taabu kutoka kwa mtoto mdogo, inaweza kupaka rangi pasipostahili. Ulizia kama majibu yalisomwa ndani ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu kibao kilichoachwa mezani hadi kikakauka kinaweza kuchora mstari ambao haukuwepo. Ulizia pia kama dume alichanjwa FeLV siku chache kabla ya kipimo. Antijeni ya chanjo inaweza kuonekana katika damu kwa muda mfupi, na ndiyo maana damu hutolewa kabla ya sindano ya chanjo. Kama yote hayo yalifanyika sawasawa, basi mstari hafifu ni mstari, wala usikubali mtu akwambie kwamba haukolei kiasi cha kuhesabiwa. Uhafifu wake unaweza kumaanisha kwamba antijeni ni kidogo, na hilo lina maana yake nitakayoieleza sasa hivi.

FeLV, ambayo William Jarrett na wenzake wa Glasgow waliieleza mwaka 1964, haimfanyi kila paka jambo lilelile. Wapo wanaokishinda kirusi mapema kiasi kwamba antijeni haionekani kamwe katika damu yao. Wapo ambao kirusi huingia katika damu, huonekana kwa wiki kadhaa, kisha kinga hukirudisha nyuma. Antijeni hutoweka, ingawa vinasaba vyake hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili. Na wapo ambao kinga hushindwa, kirusi kikaendelea kuzaliana bila kukoma, kikaingia katika uboho, na paka akabaki na antijeni maisha yake yote. Hili la mwisho ndilo baya: huleta upungufu wa damu, saratani na maradhi nyemelezi, na wengi wa paka hao hufa ndani ya miaka 3 hivi baada ya kugunduliwa. Wale wa kundi la kati wanaweza kuishi umri wa kawaida. Siku ya kwanza ya chanya, kipimo cha haraka hakiwezi kukuambia dume wako yumo katika kundi la pili au la tatu. Muda ndio unaoweza.

Ninachoshauri ni kwamba damu ya dume itolewe tena sasa, ipimwe kama seramu kwa kipimo cha haraka cha chapa nyingine au, bora zaidi, ipelekwe maabara ambako antijeni hupimwa kwa kiasi chake badala ya kuangaliwa kwa macho. Pamoja nayo iende sampuli ya PCR ya vinasaba vya FeLV vilivyojipachika ndani ya chembe. Hii, tofauti na ile ya FIV, ni kipimo ninachokitegemea sana. Antijeni na PCR zote zikiwa hasi, yaelekea kipimo cha kwanza kilikosea. Zote zikiwa chanya, maambukizi yapo, na hapo apimwe antijeni tena baada ya wiki sita, kisha ikilazimu hadi wiki ya 16, kwa sababu paka wa kundi la pili huwa wamekwisha kuiondoa antijeni katika damu ndani ya muda huo. Antijeni ikitoweka huku PCR ikibaki chanya, kirusi kimerudishwa nyuma. Viwili hivyo vikipishana tangu mwanzo, usimlazimishe daktari akupe jibu la ndiyo au siyo, mwache arudie. Vipimo vya FeLV vinavyofanywa kwa mate au machozi usivitumie kuamua jambo zito kama hili.

Mtoto wa tatu ni hasi kwa vyote viwili, lakini hasi ya siku moja huzungumzia wiki zilizopita, haizungumzii jana. Baada ya kukutana na FeLV, antijeni kwa kawaida huonekana ndani ya siku 30, na kingamwili za FIV huchukua hadi siku 60 hivi. Mtoto aliyeambukizwa FeLV na mama yake anaweza kuchelewa zaidi ya hapo kabla ya kuonekana. Na huyu wako amelala boksi moja na dume, wakalambana na kula sahani moja, kwa hiyo hesabu ya siku 30 inaanza siku ile watakapotenganishwa, wala si siku walipookotwa. Hilo linamhusu jike pia kwa upande wa FeLV. Mtu asikubabaishe kwamba ndugu mmoja akipimwa amewapimia wote, au kwamba damu zao zinaweza kuchanganywa kupunguza gharama. Katika uzao mmoja anaweza kuwamo mgonjwa na mzima, na kila mmoja anahitaji tone lake.

Kuhusu kuwatenganisha, watoto wote watatu wakae mbali na paka wako mzima hadi mambo yatulie, na dume awe na chumba chake, sahani zake na boksi lake la haja. FeLV husambaa kwa mate zaidi ya njia nyingine zote, lakini nje ya mwili wa paka ni dhaifu sana. Sabuni na maji huimaliza, na hata bila sabuni haidumu, hivyo huna haja ya kuogopa nguo zako au sakafu. Kwa kanuni, jike na yule wa tatu nao wangekaa mbalimbali, maana mmoja akigeuka chanya atakuwa amemhatarisha mwenzake. Nakiri kwamba si kila nyumba ina vyumba vinne vya paka, tena mtoto wa wiki tisa anayelelewa peke yake hukua na tabia ngumu. Mimi ningewaacha hao wawili pamoja na kuubeba uwezekano huo mdogo. FIV ya jike, kama ipo, haimhatarishi mwenzake kwa kucheza naye wala kula naye. Paka wako mzima naye apimwe, na akiwa hasi achanjwe FeLV. Umri wa miaka minne unampa nguvu kiasi, lakini si ngao kamili. Wewe na watu wa nyumbani hamna la kuhofia, kwa kuwa virusi hivi viwili havimwambukizi binadamu.

Umegusia pia, mwishoni mwa barua yako, kama wapimwe “virusi vingine vyote”. Sikushauri. Kipimo cha kingamwili za korona ya paka, kwa mfano, huwatia watu bure hofu ya FIP, ugonjwa hatari wa paka unaotokana na kirusi hicho, kwa sababu korona ni ya kawaida sana kwa paka wanaoishi kwa makundi, na wengi wao hawapati FIP kamwe; namba kubwa ya kingamwili kwa mtoto mwenye afya haimaanishi ugonjwa huo. Kipimo cha kinyesi cha parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo, nacho ni cha mtoto anayetapika, anayeharisha au aliyelegea ghafla, hapo hakisubiri hata siku moja. Lakini kumbuka kumwambia daktari tarehe ya chanjo, maana chanjo hai inaweza kuonyesha chanya hafifu kwa siku kadhaa, na kumbuka pia kwamba hasi haimwondoi mtoto mgonjwa katika shaka, kwa kuwa kirusi hutoka kwenye kinyesi kwa muda mfupi tu. Hesabu ya chembe nyeupe za damu mara nyingi husema zaidi.

Kwa hiyo kalenda yako ni hii. Dume arudiwe kipimo wiki hii, na akithibitika, tena baada ya wiki sita. Jike na yule wa tatu wapimwe FeLV siku 30 baada ya kutengwa na dume, na FIV wakiwa na wiki 17 au 18. Jike akiwa chanya bado, apimwe akishatimiza miezi 6. Chanjo zao nyingine ziendelee kwa ratiba yake. Kila mara omba nakala iliyoandikwa jina la kipimo, aina ya sampuli na tarehe, kwa kuwa daktari atakayeyasoma majibu ya mwezi wa sita huenda asiwe yule aliyeyaandika ya wiki ya tisa.